Mwamba Mmoja, Umri Zaidi ya Mmoja: Jinsi Miaka ya Mawe Yaliyogeuzwa Inavyopimwa

Anayefuatilia habari za madini magharibi mwa Kenya hukutana na takwimu zinazoonekana kupingana. Katika mjadala wa dhahabu ya Ikolomani atasikia kwamba mawe ya Kakamega yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Akiuliza kuhusu marumaru ya Ortum, huko Pokot Magharibi, mmoja atamtajia miaka milioni 600, mwingine milioni 500, na wa tatu atashikilia kwamba mawe ya huko yana asili ya kale kuliko hiyo. Tangu mpango wa kinu cha nyuklia uanze kuzungumzwa Siaya, neno urani nalo limeenea midomoni mwa watu, na wapo wanaodhani kwamba jiwe linalopimwa umri kwa urani ni jiwe la kuogopwa. Mtu akichoka na mvutano huo huishia ama kuamini takwimu ya kwanza aliyoisikia, au kuzikataa zote kwa hoja kwamba hakuna aliyekuwapo mawe hayo yalipoumbwa.

Takwimu hizo zinaweza kuwa sahihi zote kwa pamoja, hata zikihusu mwamba mmoja. Kasoro imo katika swali lenyewe, kwa sababu kuuliza "jiwe hili lina miaka mingapi?" ni kuuliza nusu tu ya jambo. Mwamba uliogeuzwa umepitia matukio kadhaa, na kila kipimo hutoa tarehe ya tukio moja kati ya hayo. Kabla ya kubishania idadi ya miaka, yafaa kuuliza ni miaka tangu tukio gani.

Tuanze na istilahi. Madini ni kitu cha asili kisicho na uhai, chenye kemikali zinazojulikana na atomi zilizojipanga kwa utaratibu maalumu; ulanga, kwatzi na garneti ni mifano. Mwamba ni mkusanyiko wa madini yaliyoshikamana. Wanajiolojia huigawa miamba katika makundi matatu kulingana na namna ilivyotokea. Mwamba wa moto hutokana na ujiuji wa moto ulioganda, uwe uliganda juu ya ardhi kama lava ya Menengai, au chini ya ardhi kama graniti ya Maragoli na ile ya Kit Mikayi kule Seme. Mwamba wa mashapo hutokana na mchanga, matope au chokaa vilivyorundikana na kushindiliwa. Mwamba geu, unaoitwa pia mwamba metamofiki, ni ule uliokuwa wa aina yoyote ya hizo, kisha ukazikwa kwa kina kirefu, ukapata joto na mgandamizo mkubwa, na madini yake yakajipanga upya bila mwamba wote kuyeyuka.

Kwa njia hiyo matope hugeuka kuwa shisti inayometameta kwa ulanga, mchanga hugeuka kuwa kwatzaiti, chokaa hugeuka kuwa marumaru, na graniti hugeuka kuwa naisi yenye mistari ya weupe na weusi. Lava nyeusi ya kale ikigeuzwa kwa joto la wastani hupata rangi ya kijani kutokana na madini mapya yanayoota ndani yake, na miamba ya namna hiyo ndiyo inayobeba dhahabu ya Kakamega na Migori. Anayetaka kuona mwamba geu kwa macho yake ashuke kutoka Iten kuelekea Bonde la Kerio. Juu kabisa atakuta lava ngumu ya Uasin Gishu, iliyomwagika miaka milioni 12 au 13 iliyopita. Chini yake yapo mashapo ya Tambach. Na chini ya hayo inatokeza naisi, ambayo ilikwisha kugeuzwa mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya lava hiyo kumwagika. Kati ya naisi na mashapo yaliyo juu yake mtu anapita kipindi kirefu kuliko historia yote ya wanyama wa nchi kavu, na matatu yanashuka hapo kwa dakika chache.

Mfano wa nyumba utasaidia kueleza kwa nini mwamba wa namna hii hauwezi kuwa na umri mmoja. Chukua nyumba ya babu huko Vihiga. Msingi wake ulijengwa kwa mawe yaliyotolewa katika boma la zamani lililobomolewa. Kuta zilisimamishwa mwaka wa 1974. Mabati yalibadilishwa mwaka wa 1998 baada ya upepo kuyang'oa. Na kuta zilipakwa plasta upya Desemba iliyopita. Anayesema nyumba hiyo ilijengwa mwaka wa 1974 hajadanganya, na fundi anayesema paa ni la mwaka wa 1998 naye hajadanganya. Mwamba geu uko hivyo. Baadhi ya punje zake zilirithiwa kutoka miamba ya kale zaidi, nyingine ziliota wakati wa kugeuzwa, na nyingine ziliendelea kupoteza kumbukumbu zao hadi mwamba ulipopoa.

Kumeguka kwa atomi

Elementi moja inaweza kuwa na atomi za uzito tofauti, na kila aina ya uzito huitwa isotopu. Urani, kwa mfano, ina isotopu mbili zinazotuhusu hapa, urani-238 na urani-235. Baadhi ya isotopu si imara. Atomi zake humeguka zenyewe, zikitoa mionzi, na hatimaye hugeuka kuwa elementi nyingine iliyo imara. Urani-238 huishia kuwa risasi-206, isotopu ya ile metali nzito iitwayo risasi. Urani-235 huishia kuwa risasi-207. Potasiamu-40 hutoa, miongoni mwa mazao yake, gesi ya agoni.

Hakuna anayeweza kusema atomi fulani itameguka lini. Lakini katika punje yenye mabilioni ya atomi, kasi ya jumla inajulikana vizuri, na hutajwa kwa kipimo kiitwacho nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya atomi zilizokuwapo huwa zimemeguka. Nusumaisha ya urani-238 ni miaka bilioni 4.47, ya urani-235 ni miaka milioni 704, na ya potasiamu-40 ni miaka bilioni 1.25. Wengi hudhani kwamba zikipita nusumaisha mbili kila kitu kimekwisha. Sivyo: baada ya ya kwanza inabaki nusu, baada ya ya pili inabaki robo, baada ya ya tatu sehemu moja ya nane, na kuendelea hivyo.

Swali zuri linaloulizwa mara nyingi ni kama joto kali la chini ya ardhi haliwezi kuharakisha kumeguka huko na hivyo kuharibu hesabu. Jibu ni kwamba kumeguka hutokea katika kiini cha atomi, na joto la nyuzi 700 au 800 linalogeuza miamba halina nguvu ya kukisumbua kiini hicho. Bara letu lina ushahidi wa jambo hili. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba katika urani ya Oklo, nchini Gabon, mmenyuko wa nyuklia uliwahi kujiwasha wenyewe ardhini takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Mabaki ya mmenyuko huo yamechunguzwa kwa makini, na yanaonyesha kwamba kanuni zinazotawala kiini cha atomi zilikuwa zilezile tunazozipima leo.

Joto lina kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo ufunguo wa mada yote. Linaweza kuliwezesha zao la kumeguka kutoroka kutoka kwenye punje. Agoni ni gesi, kwa hiyo punje ya ulanga ikiwa bado na joto jingi, agoni inayozaliwa ndani yake hutoka na kupotea. Ulanga ukipoa hadi kiwango fulani, agoni hukwama, na hesabu huanzia hapo. Tarehe tunayoipata kwa ulanga, basi, ni tarehe ya kupoa.

Punje ya zirkoni

Madini yaliyotoa mchango mkubwa kuliko yote katika kazi hii ni zirkoni. Punje yake kwa kawaida ina urefu wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, haionekani vizuri bila darubini, na hupatikana kwa wingi katika graniti na katika mchanga uliotokana na graniti. Ni ngumu, haiyeyuki kwa urahisi, na haiozi udongoni. Sifa yake kuu ni kwamba inapoota huikubali urani na kuikataa risasi. Atomi ya urani ina ukubwa na chaji vinavyokaribiana na vya zirkoniamu, elementi kuu ya zirkoni, kwa hiyo hupata nafasi katika mpangilio wa fuwele, yaani safu za atomi za punje, ilhali ya risasi haitoshei. Punje mpya ya zirkoni huwa karibu haina risasi yoyote. Risasi tunayoikuta ndani yake mamilioni ya miaka baadaye imezaliwa humohumo.

Tufanye hesabu. Tuseme punje iliota ikiwa na atomi 1,000 za urani-238. Baada ya miaka milioni 600, zitakuwa zimebaki 911, na 89 zimekwisha kuwa risasi-206. Baada ya miaka bilioni 2.7, zitabaki 658, na risasi zitakuwa 342. Maabara hufanya kinyume: hupima uwiano wa risasi na urani katika punje ya leo, kisha hurudi nyuma hadi siku risasi ilipokuwa sifuri.

Uzuri wa zirkoni ni kwamba hesabu hiyo hufanyika mara mbili katika punje moja, kwa sababu urani-235 nayo imo. Katika miaka milioni 600, atomi 1,000 za urani-235 hubaki 554. Katika miaka bilioni 2.7 hubaki 70 tu. Kasi hizi mbili zinatofautiana sana, na kama majibu yake yanakubaliana, ni vigumu mno kudai kwamba yameharibika yote mawili kwa namna inayolingana. Kama hayakubaliani, mtaalamu anajua kwamba punje imepoteza risasi njiani, pengine kwa sababu mionzi yake yenyewe imeichakaza fuwele kwa muda mrefu, au kwa sababu ilichomwa tena. Mwaka wa 1956 mwanasayansi wa Marekani, George Wetherill, alionyesha jinsi ya kuzitumia hata punje hizo zilizoharibika: zikichorwa pamoja kwenye grafu hujipanga katika mstari, na ncha za mstari huo mara nyingi huonyesha tarehe mbili, ya kuota na ya kuharibiwa. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika sayansi ya dunia, kwamba dosari ya kipimo iligeuzwa kuwa habari.

Kuipata punje yenyewe ni kazi ambayo mchimbaji wa dhahabu wa Migori angeitambua mara moja. Mwamba wa kilo kadhaa hupondwapondwa, huchekechwa, kisha huoshwa kwa maji ili chepesi kiondoke na kizito kibaki. Mchanga mweusi unaobaki chini ya karai pamoja na dhahabu, ule ambao mchimbaji huupuliza pembeni, mara nyingi ndimo zirkoni zilimo, zikiwa zimechanganyika na madini ya chuma. Katika maabara sumaku huondoa madini ya chuma, kisha kilichobaki hutiwa katika kimiminika kizito ambamo kwatzi huelea na zirkoni huzama. Punje huokotwa moja moja chini ya darubini, hupachikwa katika gundi ngumu, na husuguliwa mpaka zifike katikati ili tumbo lake lionekane.

Hapo ndipo historia inapojitokeza. Punje ikipigwa kwa mwale wa elektroni hung'aa kwa viwango tofauti, na picha yake huonyesha kiini chenye mistari myembamba, ambacho mara nyingi kimemomonyoka kingo, kikiwa kimezungukwa na gamba lisilo na mistari. Kiini kiliota katika ujiuji wa moto wa zamani. Gamba liliota baadaye, mwamba ulipokuwa ukigeuzwa. Mashine za kisasa hutoboa kwa leza au kwa mwale wa ayoni shimo lenye upana wa takriban milimita 0.03, kwa hiyo kiini hupimwa peke yake na gamba peke yake. Punje moja isiyozidi chembe ya vumbi hutoa tarehe mbili zinazoweza kupishana kwa zaidi ya miaka bilioni. Kabla ya mashine hizo, punje nzima iliyeyushwa katika tindikali na tarehe zote mbili zikachanganyika, ikapatikana namba ya katikati ambayo haikuwa tarehe ya tukio lolote. Takwimu za namna hiyo bado zimo katika ripoti za zamani, na ni sababu mojawapo ya mkanganyiko tunaouona.

Zirkoni haifanyi kazi peke yake. Monazaiti, madini yenye wingi wa thori, elementi nyingine inayomeguka kama urani, huota kwa urahisi matope yanapogeuka kuwa shisti, na mara nyingi hutoa tarehe ya kugeuzwa kwa uwazi kuliko zirkoni. Garneti, ile nyekundu iliyoiva inayoonekana kwa macho, hupimwa kwa isotopu nyingine, na kwa kuwa kemikali zake hubadilika kulingana na joto na mgandamizo, huweza kusema iliota lini na kwa kina gani. Kisha yanafuata madini ya kupoa. Honblendi, madini ya rangi nyeusi, hushika agoni yake mwamba ukifika karibu nyuzi 500 za Selsiasi, ulanga mweupe karibu 400, ulanga mweusi karibu 300. Ukizipanga tarehe hizo kuanzia ya joto kubwa hadi ya joto dogo, unapata safari ya mwamba kutoka kilindini hadi karibu na juu.

Kwa nini Kakamega na Pokot hazifanani

Tukiwa na vifaa hivyo, takwimu za mwanzo zinaanza kueleweka. Mawe ya Kakamega, Siaya na Migori ni sehemu ya kaskazini ya kiini cha kale cha bara, ambacho sehemu yake kubwa iko Tanzania. Lava zake zilimwagika na graniti zake zikapenya humo kati ya miaka bilioni 2.8 na 2.5 iliyopita, kwa makadirio ya jumla. Mengi ya mawe haya yaligeuzwa kwa joto dogo tu, ndiyo maana asili yake bado inatambulika. Hapa pana ugumu mmoja: lava nyeusi haina zirkoni za kutosha. Mtaalamu hutafuta tabaka za lava nyeupe au majivu ya volkeno yaliyolala katikati yake, hupima zirkoni za humo, na kwa njia hiyo hupata umri wa jirani zake.

Pokot Magharibi na Cherangani ni habari nyingine. Hapo tuko katika Ukanda wa Msumbiji, mlolongo wa miamba geu unaotoka Msumbiji, unapita Tanzania na Kenya, na kuendelea kaskazini hadi Pembe ya Afrika. Mpaka kati ya ukanda huo na kiini cha kale umefunikwa kwa sehemu kubwa na lava changa, kwa hiyo msafiri anayetoka Kakamega kwenda Kitale na kuendelea hadi Ortum anauvuka bila kuuona. Kati ya takriban miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande vya mabara viligongana na kuunda bara kubwa linaloitwa Gondwana. Mashapo yaliyokuwa baharini yalikunjwa na kuzikwa, nayo yakageuka kuwa marumaru, shisti na kwatzaiti. Safu ya milima iliyoinuliwa wakati huo imekwisha kumomonyoka. Tunachokanyaga leo ni mizizi yake, na vilima vya Cherangani vya sasa vimepata sura yake kwa matukio ya baadaye sana.

Anayetaja miaka milioni 600 huenda anataja tarehe ya kugeuzwa, kutoka kwenye gamba la zirkoni au kwenye monazaiti. Anayetaja milioni 500 huenda anataja kupoa kwa ulanga, mwamba ulipokuwa tayari umepanda juu. Na anayesema asili ni ya kale zaidi naye ana hoja, kwa kuwa mashapo yalitandazwa kabla ya kugeuzwa, na chembe zake zilitoka katika miamba ya kale kuliko mashapo yenyewe.

Jina la ukanda huu lilitolewa mwaka wa 1951 na Mwingereza Arthur Holmes, na kisa chake kinastahili kutajwa. Mwaka wa 1911, akiwa bado kijana, alichapisha moja ya vipimo vya kwanza vya umri wa mwamba kwa uwiano wa urani na risasi, kwa jiwe la Norway. Mwaka huohuo alikuja Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria vibaya. Madini ya biashara hayakupatikana, lakini mawe ya Afrika Mashariki hayakumtoka akilini, na miaka 40 baadaye aliyatambua kuwa mabaki ya safu moja kubwa ya milima.

Kutafuta asili ya mwamba kunahitaji kipimo cha punje nyingi, na hapa kwatzaiti ina thamani kubwa. Ilikuwa mchanga, na kila punje ya zirkoni ndani yake ilisafirishwa na mto kutoka mlima fulani uliokuwapo wakati huo. Wataalamu hupima punje 100 au zaidi za sampuli moja, wakaona zinajikusanya katika umri gani. Kundi kubwa la miaka bilioni 2.7 lingeelekeza kwenye kiini cha Tanzania na magharibi mwa Kenya. Kundi la umri ambao haupo katika eneo hilo lingemaanisha kwamba mchanga ulitoka mbali, pengine katika bara lililokuwa ng'ambo ya bahari iliyotoweka. Punje changa kuliko zote nayo ina neno lake, kwani mchanga hauwezi kuwa ulitandazwa kabla ya punje hiyo kuota.

Mfano mashuhuri uko Jack Hills, Australia Magharibi. Humo mna mwamba geu uliokuwa changarawe, uliotandazwa takriban miaka bilioni 3 iliyopita, lakini ndani yake zimepatikana zirkoni za miaka bilioni 4.4, vipande vya kale kuliko vyote vya dunia yetu vilivyowahi kupimwa. Miamba iliyozizaa zirkoni hizo imetoweka. Karibu nasi zaidi, sehemu ya magharibi ya Ukanda wa Msumbiji nchini Tanzania ina naisi ambazo viini vya zirkoni zake vina takriban miaka bilioni 2.7 na magamba yake takriban miaka milioni 640. Hicho ni kipande cha kiini cha kale cha bara kilichonaswa katika mgongano na kupikwa upya, na bila kiini na gamba la punje kupimwa kando kando, hakuna ambaye angejua.

Mambo yanayopotosha

Dhana inayorudiwa kuliko zote ni kwamba mawe hupimwa kwa kaboni. Kaboni-14 ina nusumaisha ya miaka 5,730, na baada ya takriban miaka 50,000 inayobaki ni kidogo mno. Tena hupimwa katika mabaki ya viumbe. Inafaa kwa mkaa wa makazi ya kale kama yale ya Hyrax Hill, Nakuru. Visukuku vya kisiwa cha Rusinga, vyenye takriban miaka milioni 18, havikupimwa kwa kaboni. Yalipimwa madini ya volkeno katika tabaka zinazovizunguka, kwa njia ya potasiamu na agoni. Mtu akikukosoa kwa kusema kaboni haiwezi kufika miaka bilioni, mkubalie, kisha mweleze kwamba hakuna mtaalamu aliyeitumia hivyo.

Ugumu wa jiwe nao haupimi umri. Jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, ambalo mchongaji hulikata kwa panga na kulilainisha kwa msasa na maji, ni la kale kwa mamia ya mamilioni ya miaka kuliko lava ngumu ya Uasin Gishu inayovunja nyundo.

Kuhusu mionzi, ni kweli kwamba kipimo kinategemea urani na thori, lakini kiasi chake ni kidogo sana. Zirkoni ya kawaida ina urani ya sehemu mia kadhaa kwa milioni au pungufu, na zirkoni zenyewe ni sehemu ndogo mno ya mwamba. Madini hayohayo husagwa na kutiwa katika ung'arishaji wa vigae vyeupe vya bafu duniani kote. Wingi wa mionzi hauonyeshi ukale pia: vilima vya Ruri, Homa Bay, vina thori nyingi kuliko miamba ya kawaida, lakini ni vya volkeno ambavyo havijafikisha hata miaka milioni 25. Mafuta ya kinu cha nyuklia nayo ni urani iliyorutubishwa viwandani, na mwamba wa Seme au wa Bondo hauhusiki. Kwa mchimbaji mdogo wa Kakamega au Migori, hatari ya kila siku ni zebaki anayoichoma ili kupata dhahabu, na ningependa hofu iliyoelekezwa kwenye mawe ielekezwe huko.

Mwisho ni alama ya kuongeza na kutoa inayofuata umri katika ripoti. Ikiandikwa, kwa mfano, milioni 612 ± 8, haimaanishi kwamba mtaalamu anabahatisha. Inamaanisha kwamba akizingatia mipaka ya mashine na idadi ya punje alizopima, umri unaangukia kati ya milioni 604 na 620 kwa kiwango cha uhakika kilichotajwa kwenye ripoti. Namba isiyo na alama hiyo, na isiyotaja madini yaliyopimwa, ndiyo ya kutiliwa shaka.

Hata dhahabu inahitaji msaada huu, kwa sababu yenyewe haina urani ya kutosha kupimwa. Maji ya moto yaliyoibeba kupitia nyufa za mwamba ndiyo pia yaliyootesha ulanga, na wakati mwingine monazaiti, kandokando ya mshipa wa kwatzi, na umri wa madini hayo ndio unaosema dhahabu iliingia lini. Ndiyo maana mtafiti akifika mgodini hutaka vipande vya ukuta wa mshipa vyenye kumetameta, ambavyo wachimbaji, kwa kuwa havina dhahabu ya kuonekana, wamekwisha kuvitupa kwenye kifusi nje ya shimo.